Mguu wa Kushoto wa Mheshimiwa

Nilitozwa ng'ombe na akina mama. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu Nambis bado wananicheka, na kila mmoja ana maelezo yake. Mmoja anasema niliiba, mwingine anasema nilimtukana mke wa mtu. Sikuiba na sikumtukana mtu. Nilitozwa kwa maneno niliyoyasema kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, kwa niaba ya mtu mwingine. Mtu huyo ni mbunge. Jina lake sitalitaja, wala jimbo lake, na kijiji chenyewe nitakiita kijiji tu. Yeye akisoma hapa atajijua. Kusoma anajua, hilo siwezi kumnyima.

Mimi ni Mwiraqw, mtoto wa wakulima. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule upande wa Balangdalalu, na baadaye nikahamishiwa kwenye kijiji hiki ninachokisema, cha wafugaji wa Kibarbaig. Nilifika na sanduku, godoro na Kiswahili changu cha chuoni. Watoto wa darasa la kwanza walinitazama tu. Nilikuwa sijui hata kuomba maji kwa lugha yao. Aliyenifundisha ni bibi mmoja jirani na shule, mwenye ng'ombe wa maziwa na mdomo mkali. Alikataa kuniuzia maziwa mpaka niyaombe kwa Kibarbaig kilichonyooka. Nilikunywa chai ya rangi wiki tatu, jamani, na ng'ombe nawaona. Kila asubuhi nasimama nje ya boma lake, naamkia, naomba, nakosea, anacheka mpaka anashika mbavu, narudi na kikombe kitupu. Siku niliyopatia alinijazia kibuyu kizima na akakataa hela.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha na adabu ya lugha yao, siyo maneno tu. Aliniambia, ukija na neno la mtu, sema kwanza ni la nani, na ukimaliza rudia kusema ni la nani. Usiposema, neno hilo ni lako, na likioza linaoza mdomoni mwako. Niliona ni mambo ya wazee. Hata hivyo nilifuata, maana usipofuata hakuna anayekusikiliza. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa naongea kiasi kwamba mtu asiyenijua akinipigia simu ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilijivuna sana kwa hilo. Mke wangu, Mwiraqw mwenzangu, alikuwa akisema nimeolewa na Wabarbaig na yeye alikuwa shahidi.

Sasa tuje kwenye maji, maana kisa chote ni maji. Kijiji kile kina korongo linalojaa wakati wa masika na kukauka kabla hujamaliza kulisifia. Likishakauka, akina mama wanapanda kilima na punda alfajiri, wanashuka upande wa pili kwenye chemchemi, wanachota kwa bakuli, wanarudi jua likiwa utosini. Chini ya kijiji kuna bonde ambalo nyasi zake zinachelewa kukauka. Hata mtoto alijua lambo likichimbwa pale maji yatakaa. Akina mama hawakuomba lami, hawakuomba umeme. Walitaka lambo. Kila kiongozi aliyepita walimwomba lambo, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, kwa hiyo neno lambo kwa Kibarbaig naweza kulisema nikiwa usingizini.

Mheshimiwa alipokuja mara ya kwanza hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi, mwenye kazi yake mjini. Mama yake alikuwa Mbarbaig wa huku kwetu, baba yake mtumishi wa serikali aliyehamishwahamishwa. Alinikuta ofisini, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili, akasema anataka kuomba ubunge kupitia chama na anahitaji mtu wa kumtafsiria vijijini. Nikamuuliza, mama yako si wa huku, lugha imekwenda wapi? Akainamisha kichwa. Akasema aliondolewa huku kabla hajajua kutembea, mama yake akafariki mapema, na lugha ikaondoka naye.

"Mwalimu, ni yangu na sikupewa," akasema, na machozi yakamtoka.

Mimi nililia pia, nifiche nini? Lugha ile niliitafuta kwa chai ya rangi, na huyu mwenye nayo amenyang'anywa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nitakuwa mdomo wako. Hayo ndiyo maneno niliyotumia, na hakuna aliyenilazimisha.

Safari ile ya kwanza alianguka kwenye kura za maoni ndani ya chama. Wajumbe walikula pilau lake, wakavaa kanga na kofia zake, wakamwapia, kisha wakampa mwenzake kura. Watu wanasema wajumbe si watu wazuri, na siku ile niliamini. Nilimfuata mjini Katesh, nikamkuta kwenye nyumba ya wageni, amekaa kitandani na viatu, hajala tangu jana yake. Nilimnunulia ndizi na nyama, nikamsimamia mpaka akala. Nikamwambia kusalitiwa ni shule kama shule nyingine, arudie darasa. Alinishika mkono akasema hatanisahau. Nikikumbuka kwamba mimi ndiye niliyemfariji mtu yule kwa kusalitiwa, nacheka, na kicheko chenyewe si kizuri.

Uchaguzi uliofuata akapita kwenye chama, tukaingia kampeni. Siku ya kijiji chetu mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Akina mama walikaa mbele, chini, na bangili zao za shaba, na bibi yangu wa maziwa katikati yao. Wakati huo alikuwa ameshakuwa mkubwa wa baraza la akina mama. Akasimama akauliza swali lilelile la miaka yote. Nikamtafsiria mgombea. Yeye akashika kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili, "Suala la maji ni kero kubwa. Tutaliangalia kwa jicho la pekee."

Haya, niambieni, hiyo unaitafsirije? Jicho la pekee, ukilipeleka kwa Kibarbaig jinsi lilivyo, unapata mtu mwenye chongo. Na "tutaliangalia" ni nini? Bonde wanaliangalia wao kila siku. Nilimtazama yule kijana, nikakumbuka machozi yake, nikasema moyoni, huyu anamaanisha, ila maneno ya mjini yanamzidi. Basi nikawaambia akina mama: anasema amesikia, anasema lambo litachimbwa bondeni, hayo ni maneno yake. Wakapiga vigelegele. Mgombea alinitazama, akatabasamu, akaendelea na mambo ya barabara. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari alinipiga bega.

"Mwalimu, sijui umewaambia nini, lakini umewaambia vizuri."

Nililipokea kama sifa. Nyumbani nilimsimulia mke wangu, akaacha kuchambua maharage akanitazama. Alisema mdomo wangu una mbolea, kila kinachopita humo kinakua. Nikamwambia siasa haijui. Akasema siasa kweli haijui, ila mimi ananijua.

Alishinda. Tulifurahi, nitasema ukweli, kama watu waliozaliwa upya. Miaka ile ya kwanza tulimwona kwenye televisheni ya mfanyabiashara mmoja wa Katesh, mzee wa Kiislamu ambaye duka lake lilikuwa kama kijiwe chetu sisi walimu siku za kuchukua mshahara. Mheshimiwa anasimama bungeni, tai imenyooka, anauliza maswali ya korosho. Korosho! Mzee wa duka alikuwa akiniuliza kwa utani, mwalimu, kwenu mnalima korosho siku hizi? Nacheka naye, lakini moyoni nasema subiri, bajeti inapangwa. Nilimpigia simu Mheshimiwa, nikamwandikia ujumbe. Jibu lilikuwa moja: niko kikaoni, nitakupigia. Akina mama wakiniuliza nawaambia yuko kikaoni. Bibi akaniuliza kikao hicho watu hawaendi hata kujisaidia?

Mwaka wa mwisho wa kipindi kile likaja gari na vijana wawili wenye kofia ngumu. Walishuka bondeni, wakapima, wakagongea vigingi vyenye rangi nyekundu, wakaondoka. Mimi niliwafuata bondeni na darasa langu la sita zima, nikawaonyesha watoto vigingi, nikawaambia shikeni kumbukumbu ya siku hii. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Mwezi uliofuata ratiba ya kampeni ikatoka, na Mheshimiwa akaja tena kwenye uwanja uleule.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Wabarbaig wana heshima kubwa kwa mwanamke aliyejifungua. Miezi yake ya uzazi anakaa ndani, anapikiwa, anachotewa maji, na baraza la akina mama ndilo linalomlinda. Mwanamume akimwonea mama mzazi, yaani huyo aliyejifungua, au akimtaja kwa dharau au kwa uongo, kesi haiendi kwa wazee wa kiume wala kwa mtendaji wa kijiji. Akina mama wanakaa wao wenyewe, wanamtoza ng'ombe dume mweusi, na akikataa anaapizwa. Hakuna boma litakalompa hata maji ya kunywa. Nimeishi pale miaka yote hiyo, nilijua vizuri kabisa. Ulimi hauna mfupa, bwana.

Bibi aliuliza swali lake. Mheshimiwa akajibu, "Mipango iko katika hatua nzuri. Tuendelee kuwa wavumilivu." Mimi nilikuwa nimeviona vigingi. Nilikuwa nimewaonyesha na wanafunzi. Nikashika kipaza sauti nikawaambia akina mama kwa Kibarbaig, tena kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: Lambo linachimbwa. Kuanzia sasa hakuna mama mzazi wa kijiji hiki atakayepanda kilima kile kutafuta maji.

Sikusema "anasema". Sikurudia kusema ni maneno ya nani. Nilijisahau, niliongea kama mwenye mali. Bibi alinikazia macho kwa muda, kisha akainuka, akang'oa nyasi mbichi, akamkabidhi Mheshimiwa mkononi, na akina mama wengine wote wakasimama. Nyasi ni amani, ni kukubali. Mheshimiwa alizipokea kwa mikono miwili, akainama, na sikumwambia nimesema nini, na yeye hakuuliza. Nilidhani haulizi kwa sababu ananiamini.

Alishinda tena, kwa kura nyingi za kijiji chetu. Vigingi vilikaa. Mbuzi walijikunia, mvua ikafuta rangi, na mwishowe kimoja nilikikuta kimefungiwa ndama. Kipindi cha pili nilistaafu nikabaki palepale kijijini, na simu yangu haikujibiwa hata kwa ujumbe wa kikao. Halafu likaja jambo lenyewe. Mke wa mjukuu wa bibi, binti niliyemfundisha kusoma mwenyewe, alijifungua mwezi wa kiangazi kikali. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, punda wamekufa, majirani kila mmoja na shida yake. Wiki ya tatu ya uzazi binti alichukua dumu akapanda kilima. Alianguka njiani akirudi. Walimkuta amelala pembeni ya njia, dumu limemwagika, damu nyingi imetoka. Alilazwa muda mrefu. Mtoto alipona kwa maziwa ya ng'ombe wa bibi. Ya mama yake hayakurudi tena.

Siku chache baadaye walikuja akina mama wawili nyumbani kwangu, hawakukaa, hawakunywa chai. Walisema baraza linaniita. Mke wangu, ambaye hakosi neno, safari hii alinitolea shati safi tu.

Walikuwa wamekaa juu ya kilima, mahali wazi, wengi sana. Wanaume wakisikia akina mama wamekaa wanabadili njia, na mimi nilipanda peke yangu. Niliwaamkia. Waliitikia. Bibi aliongea bila kunitazama, kwa sauti ya chini. Alisema, tulikuwa uwanjani sote, tuambie nani alimtaja mama mzazi. Nikajibu kwamba nilikuwa natafsiri, maneno ni ya mbunge. Akaniuliza, ulisema ni ya nani? Sikuwa nimesema. Akasema, "Sisi hatukumsikia yeye. Tulikusikia wewe."

Nilitozwa dume mweusi. Nilikuwa na mmoja, wa kulimia, niliyemlea tangu ndama, lakini sikulilia dume. Nililia kwa sababu waliokuwa wamekaa pale ndio walionipa ulimi ule, na sasa walikuwa wananitazama kama mtu aliyetumwa kutoka ofisini. Ukiniuliza nilichokuwa nacho duniani, ukiacha mke na watoto, ni kwamba nikisema kitu kwa Kibarbaig, mama wa Kibarbaig anaamini. Nikawaomba muda. Nikasema nitamleta mwenyewe, akae mbele yenu, aseme kwa kinywa chake kwamba aliahidi lambo. Wakanong'ona muda mrefu. Bibi akasema haya, mlete.

Nilimpigia kwa namba ya mtu mwingine ndipo akapokea. Nilimweleza kila kitu, binti, dumu, damu. Alinisikiliza, nadhani. Akasema, pole sana mwalimu, lakini mimi nilisema mipango iko katika hatua nzuri. Akasema mikutano yake yote ilirekodiwa, naweza kwenda kusikiliza. "Hilo la mama mzazi sikulisema mimi. Tafsiri ilikuwa yako." Alilisema kwa upole, kama daktari. Nilikaa chini pale pale barabarani. Mtu niliyemlisha kwa mkono Katesh alikuwa amejitengea mlango wa kutokea tangu siku ya kwanza, na mlango wenyewe nilikuwa mimi. Ila kura za maoni zilikuwa zinakaribia, na kijiji chetu kina wajumbe wake. Mwishoni akasema atakuja, atawapa pole akina mama, na nimtafsirie.

Alikuja siku ya Jumamosi. Gari liliachwa chini, akapanda kilima kwa viatu vyake vyeusi, amebeba kilo za sukari na vitenge. Walimpa kigoda. Mimi nilisimama pembeni yake kama zamani. Aliongea vizuri, kuongea hajawahi kukosea. Aliwapa pole, akasema serikali inawajali, akasema inasikitisha pale ambapo taarifa zinawafikia wananchi zikiwa zimebadilishwa. Hapo alinigusa bega kidogo, kwa huruma. Na mimi, shetani gani alinishika sijui, nikatafsiri hata hilo. Nilisema: anasema mimi ndiye niliyebadilisha, hayo ni maneno yake.

Bibi alitoa ugoro wake, akajipimia kiganjani. Kisha akamwambia mwenzake aliyekaa naye, kwa Kibarbaig, kwa sauti ileile ya kuomba ugoro, hata hakuinua macho, "Kuna nyoka kwenye mguu wake wa kushoto."

Mheshimiwa akainua mguu wa kushoto.

Aliurusha juu, hasa, kigoda kikayumba, akashika goti langu asianguke. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo. Alitazama chini, akatafuta, kushoto, nyuma ya kigoda. Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na udongo mkavu na kiatu chake chenye vumbi. Alipoinua uso alikutana na macho ya akina mama wote, na mwisho ya kwangu. Aliona nimeelewa. Taratibu akaurudisha mguu chini, akajipangusa suruali, akaniuliza kwa Kiswahili, "Bibi anasemaje, mwalimu?"

Wallahi mimi ni Mkristo, lakini siku ile niliapa kwa kila kitu. Miaka kumi! Kila nilichokiongeza alikisikia. Kila vigelegele alijua ni vya nini. Siku ile ya nyasi, alipoinama akazipokea kwa mikono miwili, alikuwa ameshasikia mama mzazi ametajwa, kwa lugha ya mama yake, na alijua kesho yake ikiharibika atakayeulizwa ni mimi. Na yale machozi ofisini kwangu, niliyoyalilia na mimi! Nilitaka kumpiga. Mzee mzima, mwalimu mstaafu, nilikunja ngumi nikaona aibu nikaikunjua. Nikamjibu, bibi anasema kuna nyoka. Akasema, ahaa.

Bibi sasa alisimama. Aliongea na mimi, siyo na yeye, na safari hii alinitazama. Alisema dume bado ni wangu kulipa, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu, na kosa la mwingine halifuti langu. Nikasema nimekubali. Nikamuuliza, na huyu? Na yeye atatozwa nini? Wanawake wengine waliguna, nao walitaka kujua.

Bibi akasema, "Tunamtoza mtu wetu. Huyu amemkana mama yake ili asitozwe. Basi mwache aende."

Nilimtafsiria Mheshimiwa nusu tu, ile ya mwisho, kwamba anaruhusiwa kwenda. Sikuona haja ya nusu nyingine, alikuwa ameshaisikia. Nilimwangalia usoni nikitafuta kama imemwingia. Kwa kitambo kidogo midomo yake ilicheza. Halafu akashukuru, akasema akina mama wamekuwa waungwana sana, akaacha sukari na vitenge pale, akashuka kwenda kwenye gari. Vitenge hakuna aliyevigusa. Vilikaa juu ya kilima mpaka upepo ukavitawanya, na sukari wakala sisimizi.

Dume nilimpeleka Jumatatu. Mke wangu alitembea na mimi mpaka kwenye uzio wa bibi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama pale nje niliposimama mimi miaka ile na kikombe changu. Walipompokea dume, bibi alimjazia mke wangu kibuyu cha maziwa. Mimi sikuambiwa nimesamehewa wala sikuambiwa yamekwisha. Ila tangu siku ile nikisalimia naitikiwa, na nikiwa na neno la mtu wanangoja niseme ni la nani. Nasema mara mbili. Lambo hakuna. Binti yule anapanda kilima kama wengine, mwendo wake umekuwa wa polepole, na akinipita ananiamkia shikamoo mwalimu, na kuitikia marahaba kunanigharimu.

Juzi hapa Mheshimiwa amepita tena kwenye kura za maoni. Wajumbe safari hii walikuwa watu wazuri kwake. Jioni ya siku ya pili simu yangu ikaita, namba yake mwenyewe. Aliniamkia kama kawaida. Akasema yaliyopita yamepita, ratiba ya kampeni inatoka, anataka kuanzia kijijini kwetu, na hawezi bila mdomo wake. Alisema hivyo, mdomo wangu, kwa mapenzi kabisa.

Nilikuwa zizini, nimesimama mahali dume alipokuwa anafungwa. Nilimjibu kwa Kibarbaig, polepole, kama nilivyokuwa nikimsemesha mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwambia apeleke dume mweusi kwa akina mama, awaombe wamhesabu kuwa mtu wao, halafu mimi nitasimama naye jukwaani bila malipo. Nilimsikia anavuta pumzi, na nilisikia kabisa neno la Kibarbaig linaanza kwenye koo lake, lile la kuitikia, ambalo hata mimi lilinichukua mwaka kulipatia. Akalimeza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo lugha unajua mimi siijui."

Tulikuwa wawili tu kwenye ile simu.